Printa Hii ni ya Meza Ipi?

Jumamosi moja ya harusi, saa kumi jioni, nilisimama mbele ya trei mbili za kisamvu ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha. Moja iliungwa kwa nazi, nyingine kwa karanga. Zote mbili zilifunikwa nailoni, zote mbili zilibandikwa lebo safi iliyochapwa kwa mashine, na lebo zote mbili zilisomeka "Kisamvu cha nazi". Siku tatu kabla, mama mwenye shughuli alikuwa ametupigia simu kutuambia kwamba mjukuu wake hawezi hata kuonja karanga. Mara ya mwisho alipoonja walimkimbiza hospitali.

Shefu alifunua nailoni, akanusa, akaitambua ya karanga, tukaiondoa kabisa kwenye chakula cha siku ile. Hakuna aliyedhurika. Ila usiku ule sikupata usingizi, maana hakuna kifaa hata kimoja kilichokuwa kibovu. Printa mbili zilikuwa nzima, skana nzima, vishikwambi vina chaji. Kilichotokea ni hiki: mchana umeme ulikatika, na uliporudi kijana wa zamu akaona kishikwambi cha meza ya mboga hakichapi. Akafungua orodha ya Bluetooth, akakuta printa mbili zenye jina lile lile, akagusa la juu. Tangu hapo meza mbili zikawa zinachapia printa moja, ile ya jiko la moto. Mpishi wa nazi alibonyeza, hakuona kitu kwake, akabonyeza tena. Kule jiko la moto zikatoka lebo mbili za nazi, na mwenzake aliyekuwa akisubiri lebo ya karanga akabandua iliyokuwa mdomoni mwa printa.

Tangu siku ile nimefunga vifaa hivi kwenye majiko ya hoteli, ya shule, ya wapishi wa shughuli, na ya akina mama wanaooka keki nyumbani na kuzipeleka madukani. Karibu kila mahali huulizwa printa gani ina mawimbi yenye nguvu zaidi. Nami huuliza: printa uliyonayo inaitwa nani? Printa isiyochapa humsimamisha mpishi, akachukua kalamu na kuandika. Printa inayomchapia mtu wa meza nyingine haimsimamishi yeyote, na chakula kinaendelea kwenda mezani.

Tuanze na neno lenyewe. Kwenye simu na vishikwambi vilivyowekwa Kiswahili, kazi hii huitwa kuoanisha, na neno hilo linatoka kwenye kuoana. Linafaa sana. Vifaa viwili vinapooanishwa hupeana ufunguo wa siri, na kila kimoja huuhifadhi ufunguo huo kwake. Hiyo hufanyika mara moja. Kuunganishwa ni jambo jingine: ni kule kukutana kwa kila siku, kila kifaa kinapowashwa au kila lebo inapotumwa. Watu wengi huchanganya haya mawili. Printa ikigoma, wanafuta uoanisho kwenye kishikwambi na kuanza upya, kumbe tatizo lilikuwa kwamba kishikwambi kingine kimeishika printa wakati huo. Printa nyingi ndogo za Bluetooth humsikiliza mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili hungoja au huambiwa haipatikani. Kabla ya kufuta chochote, angalia nani mwingine anaishikilia.

Na ukifuta, futa pande zote mbili. Talaka ya upande mmoja haitoshi hapa. Kijana akirudisha printa kwenye hali ya kiwandani, printa imesahau ufunguo lakini kishikwambi bado kinaukumbuka, nacho kitaendelea kubisha kwa ufunguo wa zamani na kukataliwa. Utaona jina la printa limeandikwa vizuri kwenye orodha, unaligusa, linakataa, unaligusa tena. Ingia kwenye mipangilio, ondoa jina hilo kwenye kishikwambi, zima na uwashe printa, ndipo uoanishe upya. Hili peke yake limenimalizia nusu ya simu ninazopigiwa usiku.

Sasa majina. Printa mbili za aina moja hutoka kiwandani zikiwa na jina moja, au jina moja lenye tarakimu chache tofauti mwishoni ambazo hakuna mtu mwenye mikono ya unga atakayezisoma. Kitu cha kwanza cha kufanya siku unapozitoa kwenye boksi ni kuzipa majina ya mahali zinapokaa: MBOGA, MOTO, KEKI, STOO. Usiipe printa jina la mtu, kwa sababu mtu atahama zamu au ataacha kazi. Baadhi ya printa hubadilishwa jina kwa programu ya mtengenezaji. Zisizokubali kubadilishwa zitambue kwa anwani zao, zile herufi na tarakimu 12 ambazo kila kifaa cha Bluetooth kinazo. Ili kuipata anwani hiyo, kwenye printa nyingi unashikilia kitufe cha kusogeza karatasi huku ukiiwasha, nayo inachapa taarifa zake zote. Chukua herufi nne za mwisho, ziandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya printa na nyuma ya kishikwambi chake. Mtu akifungua orodha na kukuta majina mawili yanayofanana, atakuwa na kitu cha kulinganisha.

Wakati wa kuoanisha, washa printa moja tu. Nyingine zote zizimwe, hata kama ziko chumba cha tatu. Hatua hii watu huiruka kwa kuona inachelewesha, na ndiyo iliyotufikisha kwenye zile trei mbili. Oanisha ya kwanza, chapa lebo ya majaribio yenye jina la meza, ibandike kwenye printa yenyewe. Kisha izime, washa ya pili. Ikiombwa namba ya siri na hakuna aliyeibadilisha, kwa printa za zamani mara nyingi ni 0000 au 1234. Namba hizo kila mtu anazijua, kwa hiyo ukimaliza zima ile hali ya printa kuonekana na kila mtu, hasa kama jiko lako liko kwenye jengo la maduka ambako ukuta wako ni ukuta wa jirani.

Skana ina tabia yake. Skana nyingi za mkononi hujitambulisha kwa kishikwambi kama kibodi. Inaposoma msimbopau, kishikwambi kinaamini kuna mtu anachapa herufi kwa vidole. Faida yake ni kwamba haihitaji programu maalumu. Hasara yake ni kwamba itaandika popote alama ya kuandikia ilipo. Kama kijana alikuwa anamjibu mtu ujumbe kwenye kishikwambi hicho, msimbo wa maziwa utaingia ndani ya ujumbe. Na kama skana imeoanishwa na kishikwambi cha meza ya pili, utasikia mlio wa kusoma hapa, na namba zitaandikwa kule ambako hakuna anayetazama. Mlio wa skana unakuambia tu kwamba imeuona msimbo. Haukuambii namba zimefika wapi.

Jambo lingine linalowashtua watu: skana ikishaunganishwa kama kibodi, ile kibodi ya kwenye kioo hupotea. Mpishi anataka kuandika "bila pilipili" na hana pa kuandikia. Anazima Bluetooth apate kibodi, anaandika, anasahau kuiwasha. Skana nyingi zina njia ya kuirudisha kibodi ya kioo, kwa kubonyeza kitufe chake mara mbili au kwa kusoma msimbo fulani kwenye kijitabu chake, na kwenye mipangilio ya kishikwambi pia kuna sehemu ya kuruhusu kibodi zote mbili zikae pamoja. Litafute jambo hili siku ya kwanza, usisubiri siku ya shughuli.

Wenzetu wa Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi wana tatizo lao ambalo limewahi kunisumbua siku nzima. Skana inayojifanya kibodi haitumi herufi. Hutuma habari kwamba kitufe fulani kimebonyezwa. Kishikwambi kilichowekwa kibodi ya Kifaransa hutafsiri vitufe hivyo kwa mpangilio wake. Herufi A inakuwa Q, na tarakimu zinageuka alama. Msimbopau uliosajiliwa GS1 Tanzania huanza na 620, na wa Kenya 616; ukisoma bidhaa ya Tanzania kwenye kishikwambi cha namna hiyo utaona inaanza na "-éà". Watu huona alama hizo wakasema skana imeharibika au mawimbi yanaingiliana. Hakuna kilichoharibika. Ama ubadili mpangilio wa kibodi kwenye kishikwambi, ama usome kwenye kijitabu cha skana msimbo wa kuiambia ifuate mpangilio wa Kifaransa.

Kuhusu kijitabu hicho, kifungie kabatini. Skana hupangwa kwa kusoma misimbo iliyochapwa: mmoja wa kuioanisha na kitako chake (kile inachokalia), mwingine wa kuongeza enta mwishoni, mwingine wa kuirudisha kiwandani. Kijitabu kikiachwa mezani, kijana anayejaribu skana kwa msimbo wowote ulio karibu anaweza kuifuta mipangilio yote kwa mlio mmoja. Toa nakala ya misimbo miwili tu, ule wa kuoanisha na ule wa enta, ifunike plastiki ngumu, ibandike ukutani juu ya kitako cha skana hiyo hiyo. Kila kitako kiwe na nakala yake, kwa sababu msimbo wa kuoanisha hubeba anwani ya kitako chenyewe. Ukisoma wa jirani, skana inahamia kwa jirani.

Ziko skana zenye kumbukumbu ya ndani. Ukitoka nje ya masafa zinaendelea kusoma na kuweka akiba, kisha ukirudi zinamwaga zote kwa mkupuo. Kwa kuhesabu mali stoo jambo hili ni jema sana. Kwenye meza ya kuandaa chakula sitaki kuliona. Misimbo 30 iliyosomwa ndani ya chumba baridi itajimwaga kwenye kisanduku chochote kilicho wazi mlango ukifunguliwa. Skana ya mezani izimwe kumbukumbu hiyo, ya stoo iachwe nayo, na zipewe rangi tofauti za utepe ili zisibadilishane.

Nimesema chumba baridi, nieleze mawimbi basi, ingawa si shida kubwa kama watu wanavyodhani. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi za kawaida na yaleyale ya oveni ya maikrowevu. Ina ujanja wa kuruka kutoka mkondo hadi mkondo, mara 1,600 kwa sekunde katika mikondo 79 kwa ile ya kawaida, na tangu toleo lililotoka mwaka 2003 hujifunza kuikwepa mikondo yenye vurugu. Kwa hiyo jikoni hustahimili mengi. Isichostahimili ni chuma. Kuta za chumba baridi ni mabati pande mbili na povu katikati. Mlango ukifungwa mawimbi hayapiti. Meza ya chuma cha pua ikiwa kati ya printa na kishikwambi nayo ni ukuta. Weka printa kwenye rafu ya usawa wa kifua au juu zaidi, mbali na maikrowevu, na kamwe isiwe chini ya meza kwa sababu tu soketi iko chini. Kama Wi-Fi yako ina gigahezi 5, hamishia huko vishikwambi, uiachie Bluetooth nafasi.

Wala usihangaike kupeleka mawimbi ndani ya chumba baridi. Lebo ibandikwe nje, chombo kikiwa kikavu, kabla hakijaingia. Gundi ya lebo ya kawaida haishiki kwenye plastiki yenye umande au barafu, na lebo iliyodondoka sakafuni mwa friza haimsaidii mtu. Kwa vitu vya kugandisha, nunua lebo zenye gundi ya friza. Skana iliyotoka kwenye baridi kali nayo hufunga ukungu kwenye kioo chake. Iache dakika chache, na usiiweke kwenye chaji ikiwa bado imeganda, kwa sababu betri za lithiamu huharibika zikichajiwa chini ya nyuzi 0.

Umeme ukikatika ndipo utajua ulichagua vizuri au vibaya. Printa ya Bluetooth yenye betri, ikiongea moja kwa moja na kishikwambi chenye betri, itaendelea kuchapa ruta ikiwa imezima na intaneti haipo. Ndiyo maana kwa jiko dogo lenye meza moja au mbili nashauri Bluetooth. Jiko kubwa, ambako vishikwambi vinne vinahitaji kuchapia printa mbili, linahitaji Wi-Fi, na hapo kuna mtego mwingine. Ruta hugawa anwani kama namba za foleni hospitalini: anayefika kwanza anapewa ya kwanza. Umeme ukirudi, printa ya MOTO inaweza kuwahi na kupewa namba iliyokuwa ya MBOGA, na vishikwambi vinavyokumbuka namba tu vitapeleka lebo kwa meza isiyo yake bila mtu kugusa kitu. Mwambie fundi wako aiwekee kila printa anwani ya kudumu ndani ya ruta. Ni kazi ya robo saa. Asipokubali kuifanya, mtafute mwingine. Na ruta iwekee betri ya akiba.

Kuna jambo moja ninalolisisitiza zaidi ya yote, na wafungaji wengi hawaligusi kwa sababu haliitwi tatizo la kuoanisha. Printa nyingi hizi hazijui leo ni siku gani. Tarehe inatoka kwenye kishikwambi. Ukishaoanisha, umeichagua pia saa ambayo jiko zima litaiamini.

Vishikwambi vingi vinavyouzwa kwetu vimepitia Dubai au Muscat. Kule wako saa moja mbele ya Afrika Mashariki. Kishikwambi kilichobaki na saa za Ghuba kitasema 00:30 wakati jikoni kwako ni saa tano na nusu usiku. Ndio wakati ambao mabaki ya chakula cha jioni yanapoa na kubandikwa lebo. Lebo itaandika tarehe ya kesho, na chakula kitapata siku moja ya ziada ambayo hakikustahili kupata. Kilichotoka Kigali au Bujumbura kitakuwa nyuma kwa saa moja: lebo ya saa sita na nusu usiku itabeba tarehe ya jana, na chakula kizuri kitatupwa mapema. Kishikwambi kilichoishiwa chaji kabisa, kikawashwa bila mtandao, huweza kurudi na tarehe ya miaka ya nyuma. Weka kanda ya saa ya Nairobi au Dar es Salaam wewe mwenyewe, na mtu wa kwanza kuingia asubuhi alinganishe saa ya kishikwambi na ya simu yake.

Kisha kuna saa zetu wenyewe. Mpishi wa Tanga akiandika kwa mkono "saa 8" juu ya sufuria ya mchuzi, anamaanisha 14:00. Shefu mgeni akisoma "8" anaona asubuhi. Tofauti ni masaa sita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya masaa mawili. Nimeona sufuria nzuri ikimwagwa kwa kosa hili, na mpishi akafokewa kwa kosa ambalo hakulifanya. Kwenye lebo ya mashine tumia mtindo wa saa 24. Kwenye lebo ya mkono kubalianeni jiko zima, na makubaliano yaandikwe ukutani: ama 14:00, ama "saa nane mchana" kwa maneno kamili. Tarehe nayo iwe na mwezi kwa herufi, 04 MAC, kwa kuwa 03/04 kwa mtu aliyezoea programu za Kimarekani ni Machi 4, na kwetu ni Aprili 3. Angalia pia programu yako inahesabuje siku. Mwongozo wa chakula wa Marekani, ule wa FDA, huihesabu siku ya kupika kuwa ya kwanza. Jiko lako likianza kuhesabu kesho yake, lebo mbili za siku ileile zitaisha siku tofauti.

Kwa ndugu zetu wenye biashara za vyakula Uingereza, hili ni la kisheria kabisa. Tangu Oktoba 1, 2021, chakula kilichofungwa hapo hapo kinapouzwa lazima kiwe na orodha kamili ya viambato, na vile 14 vinavyojulikana kuleta mzio, karanga na ufuta vikiwemo, vionekane wazi kuliko vingine. Sheria hiyo huitwa kwa jina la Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukuandikwa kwenye karatasi yake. Kila ninapoisoma habari hiyo nakumbuka zile trei za kisamvu. Hata kama sheria hiyo haikufikii ulipo, panga programu yako iandike karanga, ufuta, maziwa, mayai, kamba na ngano kwa herufi kubwa nene mstari wa juu, chini ya jina la chakula.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, usikubali kuonyeshwa printa ikichapa kwa simu ya muuzaji. Chukua kishikwambi chako na programu yako, chapa hapo hapo. Printa ndogo za risiti za milimita 58 ni rahisi na zinavutia, lakini nyingi hazina jicho la kuona mwanya kati ya lebo na lebo, kwa hiyo maandishi yanaanza kwenye lebo moja na kumalizikia kwenye nyingine. Kama jiko lako linatumia iPad, uliza mara mbili: printa na skana nyingi zinazozungumza na Android kwa Bluetooth ya kawaida hazikubaliwi na vifaa vya Apple isipokuwa mtengenezaji amezisajili kwao. Na lebo ikitoka imejaa maandishi ya ajabu yanayoanza na ^XA, uunganisho wako ni mzima. Printa na programu zinaongea lugha mbili, na ni kwenye mipangilio ya lugha ya printa ndipo pa kurekebisha.

Skana ikishindwa, sikiliza kwanza kabla ya kugusa mipangilio. Haikulia: tatizo liko kwenye lebo. Labda kichwa cha kuchapia kina uchafu na msimbo umetoka na mistari myeupe. Kifute kwa spiriti ikiwa printa imezimwa na imepoa. Labda lebo imekaa juu ya sufuria ya moto, na karatasi ya namna hii huandikwa kwa joto, hivyo joto likizidi inageuka nyeusi yote. Labda mafuta yameifuta. Imelia lakini hakuna kilichoandikwa: hapo ndipo pa kuangalia uoanisho, na cha kwanza nenda katazame kishikwambi cha meza ya pili.

Katika jiko la ile harusi sasa tuna utaratibu wa asubuhi. Kabla ya kuwasha moto, kila meza inachapa lebo moja yenye jina la meza, tarehe na saa, na skana ya meza hiyo inaisoma. Kama jina lililotoka si la meza hiyo, hakuna anayeendelea mpaka ijulikane kwa nini. Wiki ya pili tu ya utaratibu huu, printa ya KEKI ilitoa lebo ya STOO. Mtu alikuwa amehamisha kishikwambi usiku ili akichaji. Lebo hizo za majaribio tunazibandika kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa siku, na ukipekua nyuma unaona siku ambayo saa ya meza fulani ilianza kwenda kombo. Pembeni yake kuna utepe wa karatasi na kalamu mbili za wino mzito, kwa siku ambayo betri zote zitakwisha. Yule kijana aliyegusa jina la juu ndiye anayelitunza daftari hilo. Aliliomba mwenyewe. Liko juu ya friji ya mboga, na kalamu zake amezifunga kwa uzi.